MSITU WA MABIRA NA POSHO YA MFANYAKAZI



Kila anayesafiri kutoka Mbale au Jinja kwenda Kampala anaijua njia hiyo. Ukivuka mto Nile na kuipita Njeru, miwa na migomba inaachia nafasi miti mirefu, na barabara inaingia kivulini. Hapo ndipo Mabira. Ukifika Najjembe basi linasimama, na wachuuzi wanalikimbilia wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja na soda. Mbele kidogo kivuli kinakwisha, miwa inaanza tena, na moshi wa kiwanda cha Lugazi unaonekana.

Katika safari hiyo moja mfanyakazi anaona mambo mawili ambayo yaligombana kwa miaka mingi: msitu na kiwanda. Wako wanachama wanaotuuliza: Je, kazi ya chama cha wafanyakazi si mshahara na mikataba? Tuna haja gani ya kutetea kima na ndege, wakati vijana wetu wanakaa mitaani Nkoma na Walukuba bila kazi? Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulijibu kwa maneno matupu. Katika toleo hili tunaeleza jambo la Mabira tangu mwanzo, ili kila tawi lilijue na liweze kupima lenyewe.

MABIRA NI MSITU WA NAMNA GANI

Mabira ni hifadhi ya msitu ya serikali kuu. Uliwekwa chini ya sheria mwaka 1932, wakati wa Waingereza. Ukubwa wake ni kiasi cha hekta 30,000, nao umeenea katika wilaya za Buikwe, Mukono na Kayunga. Ndani yake mna vijiji vya wakulima vilivyokuwako tangu zamani, na kando yake kuna mashamba makubwa ya miwa na chai.

Msitu huu haukuanza kushambuliwa jana. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilihimiza watu waongeze kilimo kila mahali, na wengi wakaingia Mabira wakakata miti na kupanda chakula. Waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu walizolima zikaanza kuota miti upya. Kwa hiyo Mabira ni msitu uliowahi kujeruhiwa na ukaanza kupona.

Wataalamu wamehesabu humo aina zaidi ya 300 za ndege, aina zaidi ya 300 za miti, na aina zaidi ya 200 za vipepeo. Kuna kima wa aina ya mangabe ambaye karibu wote waliopo duniani wanaishi katika misitu ya Uganda. Mwaka 2007, mwaka uleule wa mgogoro, wanasayansi walimtambua kuwa ni aina ya peke yake. Kuna pia kwale wa Nahan, ndege mdogo anayepatikana Uganda na mashariki ya Congo tu.

Tumtazame kwale huyo kidogo, maana anatufundisha jambo. Huishi chini, penye kivuli kizito, na hutaga mayai kati ya mizizi mikubwa ya miti mizee. Ukiukata mti huo, huwezi kumwambia ahamie shambani. Katika miwa hapati kivuli, hapati mzizi wa kuficha mayai, wala chakula chake. Wanasiasa wakisema kwamba wanyama watahamia sehemu iliyobaki, wanasahau kwamba sehemu iliyobaki tayari ina wenyewe. Mfanyakazi aliyewahi kufukuzwa katika nyumba za kampuni na kuambiwa akajibane kwa ndugu yake anaelewa habari hiyo bila kufundishwa.

KIWANDA KILITAKA NINI

Kiwanda cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924 na Nanji Kalidas Mehta, na hadi leo kinahusiana na jamaa ya Mehta. Mwaka 2006 kampuni ya sukari ya Lugazi, ambayo serikali pia ilikuwa na hisa ndani yake, iliomba ardhi zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais Museveni aliagiza jambo hilo lichunguzwe. Ardhi iliyotakiwa ilikuwa hekta 7,100 za Mabira, yaani kiasi cha ekari 17,500. Hiyo ni karibu robo ya msitu mzima.

Kwa nini msitu, na si mahali pengine? Ndugu zetu wa viwanda vya sukari wanalijua jibu. Muwa ukishakatwa hauwezi kungojea. Maji yake matamu huanza kuharibika, na kila siku inayopita kiwanda hupata sukari pungufu. Inafaa muwa usagwe katika muda wa siku moja au mbili. Tena muwa ni mzito, na kuusafirisha mbali kunakula faida yote. Kwa hiyo mwenye kiwanda hutaka ardhi iliyo mlangoni pake, na mlangoni pa Lugazi palikuwa na Mabira. Zaidi ya hayo, kupata ardhi ya msitu kwa serikali ni rahisi kuliko kukubaliana bei na mamia ya wakulima wadogo wenye viwanja vyao.

Sababu zilizotolewa hadharani zilikuwa nyingine. Ilisemwa kwamba nchi inahitaji sukari zaidi, na kwamba fedha za kigeni zitaokolewa. Ilisemwa kwamba makapi ya miwa yatachomwa yatoe umeme, na kampuni ilisema kwamba mpango huo utaleta nafasi 3,500 za kazi. Hatudharau hata moja ya sababu hizo. Tutazirudia hapa chini.

WANANCHI WALIKATAA VIPI

Wa kwanza kupinga walikuwa wataalamu wa serikali yenyewe, wa Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Walieleza hasara itakayopatikana katika maji, miti na wanyama. Baadaye wakafuata wengine: jumuiya za mazingira, wabunge wa upande wa upinzani na hata wa chama kinachotawala, viongozi wa dini, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo. Ufalme wa Buganda na Kanisa la Uganda walijitolea kutoa ardhi yao nyingine katika sehemu za Mukono ili miwa ipandwe huko na msitu uachwe. Jambo hilo ni kubwa. Linaonyesha kwamba waliopinga hawakuchukia kiwanda. Walikionyesha njia nyingine.

Watu wa kawaida nao walitafuta silaha waliyokuwa nayo. Walitumiana ujumbe kwa simu za mkononi wakihimizana wasinunue sukari ya Lugazi, na baadhi ya wenye maduka wakaiondoa. Mtu asiye na kiti bungeni ana shilingi yake mfukoni, na anaweza kukataa kuitoa.

Tarehe 12 Aprili 2007 maandamano makubwa yalifanyika Kampala. Yalianza kwa amani, lakini hayakumalizika hivyo. Kukawa na mawe, mabomu ya machozi na risasi. Watu wasiopungua watatu walikufa. Mmoja wao alikuwa Mhindi aliyeshambuliwa na kundi la watu hadi akafa, mtu ambaye hakuwa na neno lolote na msitu. Wahindi wengine walikimbilia hekaluni na kulindwa na polisi. Wabunge Beatrice Anywar na Hussein Kyanjo walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Tangu siku hizo Bi. Anywar alipewa na wananchi jina la Mama Mabira.

Hapa lazima tuseme wazi, kwa kuwa sisi ni chama cha wafanyakazi wa rangi zote na makabila yote. Kumwua mtu kwa sababu ya rangi yake ni uovu, na uovu huo haukuokoa hata mti mmoja. Uliwapa wapinzani wa wananchi neno la kusema. Sisi tunayakumbuka ya mwaka 1972. Wahindi walipofukuzwa tuliambiwa kwamba viwanda sasa ni vyetu. Kilichofuata kila mzee wa Jinja, Kakira na Lugazi anakijua: mashine zilikosa vipuri, viwanda vya sukari vilikaribia kusimama, sukari ikawa kitu cha magendo, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi vijijini mikono mitupu. Ugomvi wa Mabira ulihusu ardhi ya umma na matumizi yake. Haukuwa ugomvi wa kabila la mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda Mwafrika akiutaka msitu, jibu letu litakuwa lilelile.

Mwezi wa Oktoba 2007 serikali ilitangaza kwamba mpango umeachwa na kwamba kampuni itatafutiwa ardhi mahali pengine. Mwaka 2011, sukari ilipoadimika na bei kupanda sana, Rais aliuleta mpango tena, na wananchi wakaupinga tena. Hekta zile 7,100 hazikutolewa. Na Mama Mabira, aliyepandishwa kizimbani mwaka 2007, aliteuliwa kuwa Waziri wa Nchi wa Mazingira mwaka 2019 na serikali ileile. Tunataja jambo hilo bila kejeli. Lina maana kwamba mtu anayeitwa adui wa maendeleo leo anaweza kuonekana kesho kuwa alisema kweli.

JE, NAFASI 3,500 ZA KAZI SI KITU?

Ni kitu, na ni kitu kikubwa. Mtu aliyefukuzwa kazi hawezi kushibishwa na vipepeo. Lakini mwanachama anayesikia ahadi ya kazi hana budi kuuliza maswali yaleyale ambayo chama huuliza mezani na mwajiri.

Swali la kwanza: ni kazi za namna gani? Katika mashamba ya miwa sehemu kubwa ya kazi ni kukata, kupalilia na kupakia. Wengi wanaoifanya ni vibarua, na hulipwa kwa kipande. Asiyemaliza kipande chake jua likitua hana siku. Akijikata kwa panga au akiugua malaria, kipande kinakwenda kwa mwingine. Kazi ya namna hiyo haifanani na kazi ya mkataba, yenye likizo na akiba ya uzeeni, hata kama katika hesabu ya magazeti zote zinaitwa nafasi za kazi.

Swali la pili: kwa mshahara gani? Ndugu, kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Hakijabadilishwa kisheria tangu hapo. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuleta utaratibu mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Basi serikali inayosema kwamba inatoa msitu kwa ajili ya wafanyakazi tunaweza kuiomba kwanza ilete sheria ya mshahara, ambayo haihitaji kukatwa mti wowote.

Swali la tatu: ni kazi za nani zitakazopotea? Hili husahauliwa kila mara. Wachuuzi wa Najjembe, wanaoongoza wageni msituni, wanaofuga nyuki, mama anayeokota kuni kavu, mganga anayetafuta magome ya dawa, mchumaji wa chai katika shamba linalopata mvua na umande kwa sababu msitu uko jirani: hao wote ni watu wanaofanya kazi. Hawamo katika daftari la mwajiri, lakini wanakula na kusomesha watoto. Hesabu ya haki huandika kinachoingia, huandika pia kinachotoka.

Swali la nne: je, sukari ilikosekana kwa sababu ya kukosa ardhi ya msitu? Miaka iliyopita imetoa jibu. Mabira haukukatwa, na hata hivyo sukari ya Uganda iliongezeka. Viwanda vipya vilifunguliwa, vingi vyao hapa Busoga, na wakulima wa nje wakapanda miwa kila mahali. Ilifika wakati, mwishoni mwa miaka ya 2010, miwa ikawa mingi kupita uwezo wa viwanda. Bei ya tani ikaanguka, malori yakapanga foleni milangoni, miwa ikakauka shambani, na sukari yetu ikapata taabu kuingia katika masoko ya Kenya na Tanzania. Katika Busoga watu walilia kwamba wamepanda miwa hadi ukutani mwa nyumba na hawana mahali pa muhogo na viazi vya watoto. Je, kama zile hekta 7,100 zingelimwa, leo tungekuwa na nini? Tungekuwa na miwa mingine isiyo na bei, na msitu tusingekuwa nao.

MSITU UNAMFANYIA NINI MFANYAKAZI

Wengine hufikiri kwamba msitu ni ardhi isiyofanya kazi. Msitu unafanya kazi usiku na mchana, tena haudai mshahara.

Mvua ikinyesha juu ya ardhi tupu, maji hukimbia na udongo. Ikinyesha juu ya msitu, matone huvunjwa na majani, hushuka polepole, huingia ardhini kati ya mizizi, kisha hutoka taratibu katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Mito ya Musamya na Ssezibwa hupata maji kutoka Mabira na sehemu zake za kando, na Ssezibwa huyapeleka hadi ziwa Kyoga. Anayekunywa, anayevua na anayenyweshea ng'ombe huko chini anategemea mizizi asiyoiona.

Kiwanda nacho kinategemea maji. Hakuna kiwanda cha sukari, cha nguo, cha bia wala cha ngozi kinachokwenda bila maji, na umeme wetu unatoka katika maji. Tunaukumbuka mwaka 2006. Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka kwa sababu ya ukame na maji mengi yaliyopitishwa katika mabwawa ya Jinja. Ukaja mgao wa umeme, zamu zikapunguzwa, na vibarua wakawa wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani. Maji yakipungua, anayeumia kwanza ni mfanyakazi wa mwisho katika orodha.

Hapa Mbale hatuhitaji kufundishwa na vitabu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, katika kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu wakafukiwa na udongo. Mvua ilikuwa nyingi, hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba miteremko ya Masaba imevuliwa miti yake kwa miaka mingi, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni haba. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hadi mjini, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mito hiyo inashuka kutoka mlimani. Kinachofanywa juu kinafika chini, na wanaokaa chini, kandokando ya mto penye kodi rahisi, ni wafanyakazi.

Kwa hiyo tunapotetea makao ya kwale na mangabe hatuwatangulizi wanyama mbele ya binadamu. Mahali ambapo kwale anaweza kuishi ni mahali ambapo mizizi ingali imeshika ardhi. Akipotea kwale, tujue kwamba na chemchemi iko njiani.

SHERIA INASEMAJE

Wanachama wengi hudhani kwamba msitu wa serikali ni mali ya serikali, na kwamba mwenye mali hugawa apendavyo. Sivyo.

Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema kwamba maziwa, mito, mabwawa ya asili, hifadhi za misitu na mbuga za wanyama vinashikwa na serikali kama amana kwa niaba ya wananchi. Amana maana yake tunaijua. Ukimwachia jirani mbuzi wako unapokwenda safari, anamchunga, hamchinji. Kifungu cha 39 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 50 kinamruhusu mtu au chama kwenda mahakamani kutetea haki za watu wengine zinapovunjwa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2003 nayo inaweka masharti. Sehemu ya hifadhi haiwezi kuondolewa kwa barua ya mkubwa. Lazima madhara yachunguzwe, wananchi wa mahali hapo waulizwe, eneo lingine linalolingana litangazwe kuwa hifadhi badala yake, na Bunge likubali.

Tunao mfano wa karibu, hapa Busoga. Hifadhi ya Butamira, yenye hekta zaidi ya 1,200 katika wilaya ya Jinja, ilitolewa kwa kibali ili ipandwe miwa ya kiwanda cha Kakira. Wananchi wa pale walilalamika. Jumuiya iitwayo ACODE iliipeleka serikali katika Mahakama Kuu, na mwaka 2005 mahakama iliamua kwamba serikali ilivunja amana kwa kutoa kibali hicho bila kuwashauri wananchi. Hukumu ile ilipatikana kabla ya Mabira kuwaka moto, na iliwapa watu wa Mabira nguvu ya kusema: hamuwezi kutufanyia yaleyale.

WAFANYAKAZI WA NCHI NYINGINE

Sisi si wafanyakazi wa kwanza kukutana na jambo hili.

Mwaka 1971 katika mji wa Sydney, Australia, kampuni ilitaka kujenga nyumba za matajiri katika kipande cha mwisho cha msitu wa asili kilichobaki kandokando ya maji katika mtaa wa Hunters Hill. Mahali hapo panaitwa Kelly's Bush. Wanawake 13 wa mtaa huo walihangaika kila ofisi bila kusikilizwa. Mwishowe walikwenda kwa chama cha vibarua wa ujenzi, kilichoongozwa na Jack Mundey. Wafanyakazi walikubali kwamba hakuna mwanachama atakayefanya kazi pale. Kampuni ilipotishia kuleta watu wasio wanachama, wafanyakazi wake katika jengo jingine waliapa kwamba mti mmoja ukikatwa Kelly's Bush, jengo lile litabaki nusu milele. Msitu ukabaki, na mwaka 1983 serikali iliununua kwa ajili ya umma. Chama kile kiliendelea na migomo ya namna hiyo zaidi ya 40. Fikirini, ndugu: hao ni wajenzi, watu ambao ujenzi ndio posho yao. Waliona kwamba mikono yao ina haki ya kuchagua itajenga nini.

Huko Brazil, Chico Mendes aliongoza chama cha wagema mpira katika sehemu za Xapuri. Wenye ng'ombe walitaka kuchoma msitu wapate malisho. Wagema, wake na watoto wao, walisimama mbele ya misumeno wakazuia. Mendes aliuawa tarehe 22 Desemba 1988. Baada ya kifo chake serikali ya Brazil iliweka hifadhi ambamo wagema wanaruhusiwa kuishi na kufanya kazi yao bila kuuangamiza msitu. Na jirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyepigwa mwaka 1999 akiutetea msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa wakubwa. Karura ungali umesimama Nairobi.

MATAWI YAFANYE NINI

Hatari ya Mabira haikwisha mwaka 2007. Siku hizi msitu unaliwa kidogokidogo, na wanaokata mbao bila kibali, wachoma makaa, na watu wenye hati za ardhi zisizoeleweka. Mambo ya namna hiyo yako pia katika mabwawa ya Mbale na kandokando ya ziwa, ambako vinamasi vinafukiwa udongo ili vijengwe viwanda na mahoteli. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lifanye haya:

1. Mpango wowote unaogusa msitu, kinamasi au ufuko ukitangazwa, tawi liombe kuona taarifa ya madhara ya mazingira. Wananchi wana haki ya kuisoma na kutoa maoni. Tusingoje matingatinga.

2. Ahadi ya kazi idaiwe kwa maandishi: kazi ngapi ni za kudumu, mshahara ni kiasi gani, nyumba na matibabu yakoje, na je, chama kitaruhusiwa kuandikisha wanachama. Mwajiri anayekataa kuandika ametupa jibu lake.

3. Mwanachama asilazimishwe kuchagua kati ya kazi yake na kijiji chake. Anayefanya kazi kiwandani na anayepinga mpango wa kiwanda wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja. Tawi liwakutanishe kabla hawajatukanana.

4. Tuwe na njia nyingine ya kuonyesha. Badala ya ardhi ya msitu, kiwanda kiongeze mavuno kwa mbegu bora, kitengeneze mashine zinazopoteza sukari, na kiwalipe wakulima wa nje bei ya haki kwa wakati. Watu wa Buganda walikwenda na ardhi mkononi, ndiyo maana walisikilizwa.

5. Tukiandamana, tuandamane kwa nidhamu, tukiwa na viongozi wanaojulikana. Anayegusa mtu au duka kwa sababu ya rangi au kabila atolewe katika safu zetu.

Wale wenye kuuliza tuna haja gani na msitu sasa wanaweza kupima. Kazi ni haki yetu, nasi tutaidai bila kuchoka. Lakini mwajiri anayetuambia kwamba hawezi kutupa kazi mpaka apewe mali ambayo wazee walituachia kama amana, anatuomba tulipe sisi wenyewe gharama ya kuajiriwa. Mabira umesimama hadi leo kwa sababu watu wa kawaida waliikataa hesabu hiyo. Baadhi yao walikuwa wakulima, baadhi wachuuzi, na baadhi wafanyakazi kama sisi, waliorudi zamu siku iliyofuata.

Tawi lenye maswali au habari za mahali pake lituandikie. Tutajibu katika toleo lijalo.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.